Usiku wa Kuhesabu Kura

Kwa watu wa visiwa hivi, usiku unaofuata siku ya kupiga kura ni usiku usio na usingizi. Redio huwekwa katikati ya baraza, birika la kahawa halikauki, na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri huteuliwa na wenziwe kuandika kila nambari inayotajwa. Aghalabu hadi alfajiri karatasi ile huwa na majimbo machache tu, lakini baraza zima limekwisha kumpata mshindi. Tungependa leo kusema juu ya karatasi ile na juu ya wale wanaoipatia nambari zake. Tunasema sasa, wakati hakuna uchaguzi mlangoni, kwa sababu maneno haya yakisemwa wiki ya kura huonekana kuwa ni maneno ya chama.

Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa thamani ya hesabu. Katika uchaguzi wa Januari 1961 Afro-Shirazi Party ilipata viti 10, Zanzibar Nationalist Party, yaani Hizbu, viti 9, na ZPPP viti 3; na kiti cha Chake Chake katika vile 10 kilipatikana kwa kura moja. ZPPP ilipogawanyika, kila upande ukawa na 11, na nchi ikabidi irudi kwenye kura mwezi wa Juni. Machafuko ya Juni ile yaliua watu 68. Wazee waliokuwa vijana wakati ule bado wanaitaja kura ile moja kana kwamba wanamjua aliyeipiga.

Ukaribu huo haukuondoka na mkoloni. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, wananchi walipiga kura tarehe 22 Oktoba na wakangoja hadi tarehe 26. Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa kura 165,271 dhidi ya kura 163,706 za Maalim Seif Sharif Hamad. Tofauti ni kura 1,565, idadi ambayo haijazi hata uwanja wa mpira wa shamba. Ubishi uliofuata ulidumu kwa miaka. Hatukusudii hapa kuufufua na kumpa fulani haki yake. Tunachosema ni kwamba siku nne za kimya, zikifuatiwa na tofauti ndogo kiasi hicho, ni mtihani ambao hata tume ya malaika ingeupata kwa taabu.

Linganisheni na mwaka 2010. Kura zilipigwa tarehe 31 Oktoba na matokeo yakatangazwa siku ya pili yake: Dk. Ali Mohamed Shein 179,809, Maalim Seif 176,338. Tofauti ilikuwa ndogo vile vile, lakini aliyeshindwa aliyakubali matokeo hadharani na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikaundwa. Kweli, maridhiano yalikwisha kutangulia, na wananchi walikwisha kuyapitisha kwa kura ya maoni ya Julai. Hata hivyo haraka ile nayo ilikuwa na kazi yake, maana uvumi haukupata nafasi ya kukaa kitako.

Kisha ukaja mwaka 2015. Tume ilikuwa imekwisha kutangaza matokeo ya majimbo 31 kati ya 54 pale Hoteli ya Bwawani. Tarehe 26 Oktoba Maalim Seif akajitangazia ushindi kwa hesabu za chama chake. Tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akatokea katika televisheni akaufuta uchaguzi wote. Na miongoni mwa sababu alizozitaja ni kasoro za hesabu katika vituo vya Pemba. Uchaguzi ukarudiwa Machi 20, 2016, chama kikuu cha upinzani kikasusia, na Dk. Shein akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 91. Tunauliza swali moja tu: je, kama fomu ya kila kituo ingalikuwa imebandikwa ukutani mwa skuli usiku ule ule, ikiwa na saini za mawakala wote, mabishano yale yangefika wapi? Aliyedai kushinda angeambiwa azijumlishe mbele ya watu. Na aliyedai kasoro angeambiwa aonyeshe kituo.

Liko jambo jingine ambalo waandishi wa habari, nasi tukiwamo, hatulisemi ipasavyo. Visiwa hivi havipigi kura kwa namna moja. Mwaka ule wa 1995 CUF ilipata viti 24 vya Baraza la Wawakilishi, na 21 kati ya hivyo vilikuwa viti vyote vya Pemba. Basi msomaji wa habari akianza na Micheweni na Wete, msikilizaji wa Mji Mkongwe atalala akijua chama kimoja kimeshinda. Akianza na Makunduchi na Donge, atalala akijua kimeshinda kingine. Mtangazaji hakusema uongo hata neno moja. Lakini asubuhi nambari zikipinduka, kama ilivyokuwa lazima zipinduke, nani atamwamini mtu asiambiwe kwamba kura zimeibiwa usiku? Nambari bila ya kutajwa zimetoka wapi na zimebaki ngapi ni nusu ya habari, na nusu ya habari imekwisha kuwasha moto mwingi katika bahari hii.

Jirani zetu wa Kenya wameyaona yote mawili. Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007 matokeo yaliyobishaniwa yalitangazwa, Rais akaapishwa magharibi ile ile, na Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Kimya hakikuleta utulivu. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia za wiki zilizofuata. Agosti 2022 Tume yao ilifanya kinyume: ikaweka hadharani fomu za vituo zaidi ya 46,000, mwenye kutaka ajumlishe. Vituo vya televisheni vikajumlisha kila kimoja kwa mpangilio wake, hiki kikionyesha Odinga anaongoza na kile Ruto, hata watazamaji wakahangaika. Lakini kesi ilipofika Mahakama ya Juu, fomu zilizokuwa mikononi mwa majaji ndizo zilizokuwa mikononi mwa kila mtu. Tungechagua mahangaiko yale ya watazamaji mara kumi kuliko kimya cha 2007.

Kwetu sisi hofu imekuwa ikielekea upande mwingine. Oktoba 2015 watu waliokuwa wakikusanya hesabu za vituo Dar es Salaam walikamatwa na kushitakiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao. Oktoba 2025 intaneti ilikatwa nchini siku ya kura yenyewe na ikakaa siku kadhaa. Tunaelewa wasiwasi wa wakuu wetu kuhusu uvumi. Lakini mtu aliyenyimwa nambari haachi kuhesabu. Huhesabu kwa kukisia. Na ikumbukwe kwamba Katiba ya Muungano, ibara ya 41(7), inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais akishatangazwa na Tume. Maadamu mlango wa mahakama umefungwa, dirisha la kituo cha kura lisifungwe pia.

Wala haya si mageni. Mwaka 1985, mgombea akiwa mmoja tu, Mzee Idris Abdul Wakil alitangazwa kupata kura za ndiyo asilimia 58 na kitu. Waliosema hapana walihesabiwa na wakatajwa, na Serikali haikuanguka.

Kwa hiyo tunaiomba Tume, kabla ya mwaka 2030, iweke katika kanuni zake kwamba fomu ya kila kituo itabandikwa nje na kuachwa hapo siku saba, kila wakala apewe nakala, na sheha asiwe na amri ya kuibandua. Wenye redio na magazeti wapewe ruhusa kwa maandishi kuzisoma fomu hizo na si zaidi ya hizo, wakitaja kila mara ni majimbo mangapi hayajafika, ya Unguja mangapi na ya Pemba mangapi. Kutangaza mshindi kubaki kazi ya Tume peke yake, na iwekewe saa. Nasi upande wetu tunaahidi kwamba usiku ule gazeti hili halitaandika neno "anaongoza" katika kichwa cha habari, hata likiuza.