Sanduku la ami limegoma, na RAID haikuniokoa

Nimekuwa kimya humu wiki mbili nzima, na sababu iko chini ya meza ya sebuleni: sanduku jeusi la hifadhi ya mtandao ambalo ami alikuja nalo kutoka Dubai mwaka 2012, lenye diski mbili za terabaiti 2 kila moja. Nyumba nzima inaweka vitu humo. Picha za harusi, vyeti, na kubwa kuliko yote, kaseti za marehemu nyanya akisimulia habari za ukoo, nilizozihamishia humo mwaka 2024. Kaseti zenyewe zilishaota ukungu, na mbili zilikatika ndani ya redio nilipozicheza mara ya mwisho. Kwa hiyo sauti ya nyanya ilibaki mahali pamoja tu. Na mimi, niliyesomea sayansi ya kompyuta miaka minne, nilikuwa najiambia: si kuna RAID?

Mambo yalianza binamu yangu alipokuja na laptopu mpya, akasema haioni sanduku. "Limekufa hilo," akatangaza. Halikuwa limekufa. Masanduku ya umri ule mengi yanajua SMB1 tu, ile njia ya zamani ya kugawana mafaili. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipita kwenye tundu la SMB1 vikafunga kompyuta duniani kote, na tangu mwishoni mwa mwaka huo Windows 10 mpya huja bila njia hiyo kuwekwa. Kwa hiyo laptopu ilikuwa na haki yake. Nusu ya "NAS zilizokufa" ninazoletewa ziko hivi hivi.

Shida ni kwamba kulikuwa na ugonjwa wa pili nyuma ya huo. Hata kwenye mashine yangu ya Linux, sanduku lilikuwa linatokea na kupotea. Mamangu akashauri lizimwe liwashwe. Nikalizima nikaliwasha, mara nne, na kila mara lilikuwa linatoa mlio wa tik-tik halafu linaanza upya. Wallahi hili ndilo kosa ninalojutia. Wakati wa kuwaka ndio wakati mgumu kuliko wote kwa diski iliyozeeka.

Nikaanza na vya rahisi. Waya wa mtandao, mzima. Adapta imeandikwa voti 12, ampea 5. Nikaipima ikiwa haijabeba kitu: voti 12 barabara. Hapo wengi huishia na kuanza kulaumu diski. Hebu ipime ikiwa imebeba mzigo. Diski kubwa ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huweza kuvuta karibu ampea 2, na hapa ziko mbili zinazoanza pamoja. Yangu ilishuka chini ya voti 11, na sanduku likaanguka. Kapasita za ndani zilikuwa zimechoka, na plagi imeota ukijani wa chumvi yetu ya pwani. Ukinunua nyingine, voti ziwe zile zile, ampea zisipungue, na chanya na hasi za plagi zilingane.

Na adapta mpya sanduku likatulia. Ningeweza kusherehekea, lakini nikasoma kwanza ripoti ya S.M.A.R.T. ya diski. Ya kwanza ilikuwa nzima kabisa. Ya pili ilikuwa na mamia ya sekta zilizohamishwa, na nyingine nyingi zinazosubiri hukumu. Nikasema alhamdulillahi, nzima ninayo, mbovu naitupa.

Bahati nikaangalia tarehe. Ile diski nzima ilitolewa kwenye RAID tangu 2023, nadhani siku mojawapo umeme ulipokatika. Faili lake la mwisho ni la mwaka huo. Kila kitu cha baadaye, kaseti zote za nyanya zikiwemo, kilikuwa kwenye ile mbovu peke yake. Sanduku lilikuwa likijaribu kutuma barua pepe za onyo muda wote huo, na seva ya barua ikizikataa kwa sababu programu yake ya ndani ni ya kizamani.

Nikaitoa diski mbovu, nikaiunganisha na kompyuta, nikaendesha ddrescue: inasoma kwanza sehemu zilizo nzima, halafu inarudia zile zinazokataa. Siku tatu. Kilichoshindikana ndani ya mafaili ni kama megabaiti 1.4, zote ndani ya kaseti moja. Kwenye WAV hiyo ni sekunde 8 za kimya. Mamangu alisikiliza, alipofika penye kimya akasema, "Hapo alikuwa anamtaja yule mjomba wa Lamu," akaendelea kukuna nazi.

Sasa maoni yangu, na najua wengine mtanirukia. RAID si nakala ya akiba. Inalinda dhidi ya diski moja kufa, basi. Mtoto akifuta folda, inafutika kote kuwili papo hapo. Na sanduku lisilopata masasisho tena lisiachwe wazi kwenye intaneti hata siku moja. Juni 2021 wenye WD My Book Live waliamka wakakuta data zao zimefutwa kwa mbali, kwenye vifaa ambavyo sasisho lake la mwisho lilikuwa la 2015. Langu nimelifungia ndani ya nyumba kwenye rauta. Kulitupa sitaki, maana kama kabati la pili bado linafaa.

Mtaniambia niweke wingu. Nina gigabaiti 600, na kasi ya kupandisha hapa nyumbani ni megabiti 5 kwa sekunde. Piga hesabu: siku 11 bila kukatika, usiku na mchana. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, ziko hapa hapa kwetu, lakini kutoka huko hadi Bondeni ni safari nyingine. Halafu ulipe kwa dola kila mwezi, kwa akaunti ya mtu mmoja ambaye laini yake ya simu ikipotea, ukoo mzima uko nje.

Mimi nimenunua diski mbili za nje. Moja iko kabatini kwangu. Nyingine iko kwa khalati Likoni, na kila mwisho wa mwezi naivusha kwa feri ndani ya mfuko wa plastiki, naibadilisha na ya hapa. Dakika chache za feri, gigabaiti 600. Khalati anauliza kwa nini simletei maembe badala ya hicho kidude, kwa hiyo sasa navuka na vyote viwili.