Tairi Kubwa, Gari Lile Lile

Juma hili tumeona vema tuzungumzie mtindo wa kuzifunga pikapu tairi kubwa kupita kipimo chake, huku gari lenyewe likiachwa katika kimo kile kile lilichotoka nacho kiwandani. Hapa kwetu Kibamba pikapu si pambo. Hubeba saruji, mchanga na matangi ya maji, na siku ya msiba hubeba watu. Ndiyo maana jambo hili halituhusu kama watazamaji tu.

Tumtendee haki kwanza mwenye gari. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kwa kilometa 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, lakini anayekaa ndani huiacha lami na kuingia njia ya udongo, na masika yakishaichimba njia hiyo, gari hugusa chini kwa difu. Kuinua bodi kwa springi ndefu hakuipandishi difu ya ekseli ya nyuma hata kidogo. Ni tairi tu iwezayo kuipandisha. Basi, si kila anayetaka tairi kubwa anasukumwa na majivuno, ijapokuwa majivuno nayo, tuseme kweli, hayakosekani.

Hata hivyo, na tupige hesabu. Tairi ya 265/65 R17, ambayo Hilux nyingi hutoka nayo kiwandani, ina kipenyo cha milimita 776 hivi. Ya 285/70 R17 hufikia milimita 831. Nusu ya tofauti hiyo ndiyo hulipandisha gari: milimita 27, kadiri ya upana wa kidole gumba. Kwa faida hiyo tairi imerefuka, imepanuka kwa milimita 20, nayo nafasi iliyomo ndani ya madigadi haikuongezeka hata chembe.

Gari likiwa tupu gereji, usukani umenyooka, kila kitu hupendeza. Mwenyewe hulizunguka, hulipiga picha, humlipa fundi. Lipakieni sasa mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, yaani tani nzima. Springi hulala, madigadi hushuka, na gari linapopita shimo tairi ya nyuma husugua bodi. Ya mbele husugua usukani unapokatwa. Wapo mafundi wanaolitibu jambo hili kwa nyundo, wakikunja ukingo wa madigadi, au kwa kuweka spesa ili rimu itoke nje, na hapo beringi huelemewa kuliko zilivyokusudiwa. Tairi inayosuguliwa haipasuki siku ile ile. Huliwa polepole ubavuni, mahali ambapo haina unene wa kujikinga, ikasubiri siku ya mwendo mkali na mzigo mzito.

Tena kuna udanganyifu usioonekana. Tairi hiyo mpya huenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 7 kila inapozunguka, lakini spidomita haijui. Ikionyesha 80, gari linakwenda zaidi ya 85. Breki nazo ni zile zile, zikidaiwa kusimamisha magurudumu mazito na makubwa zaidi.

Maoni yetu, basi, ni kwamba mwenye gari hana haki ya kuliita jambo hili hiari yake binafsi. Walioketi juu ya mzigo hawakuulizwa. Mama anayevuka barabara na wanawe hakuulizwa. Wala fundi asibebeshwe lawama peke yake: mara nyingi mteja huja ameshaamua, na fundi akikataa, fedha huenda gereji ya jirani. Tungependa kuona mafundi wetu wakithubutu kukataa, na wateja wakiwaheshimu kwa kukataa huko.

Anayesumbuliwa na tope anaweza kupata tairi za meno makubwa katika kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Anayetaka kimo agharimie kazi nzima, springi na shokapu zinazolingana na tairi, pamoja na kurekebisha spidomita. Na kabla ya kulipa, aombe gari lipakiwe mzigo wake wa kawaida, usukani ukatwe hadi mwisho kulia na kushoto, likipita taratibu juu ya tuta. Iwapo tairi itagusa, zifunguliwe papo hapo.