MAZUNGUMZO YA SAYANSI: Redio Ikinyamaza Ghafla Mchana



Wewe mkazi wa Ulemo, au wa kijiji kingine cha Iramba, huenda umewahi kuliona jambo hili. Ni mchana. Jua ni kali. Umekaa kivulini unapura alizeti. Redio ya masafa mafupi iko kando yako, inasema vizuri. Mara sauti inafifia. Baada ya dakika chache husikii kitu ila mvumo.

Unageuza eriali. Unaipiga redio kofi. Unamtuma mtoto dukani akanunue betri mpya. Fedha imekwenda, na redio bado kimya. Kisha, baada ya saa moja hivi, inaanza kusema yenyewe.

Je, nani aliiharibu redio? Si mtoto. Si jirani. Wala si uchawi. Huenda ni jua.

Tuanze na hewa. Hewa tunayovuta hapa chini ni nzito. Kadiri unavyokwenda juu, hewa inakuwa nyembamba. Kuanzia kilometa 60 hivi kutoka ardhini, miali mikali ya jua huzipiga chembe za hewa na kuzibandua vipande vidogo sana vyenye umeme. Vipande hivyo huitwa elektroni. Sehemu hiyo ya anga yenye umeme huitwa ayonosfia.

Ayonosfia ina matabaka. Tabaka la juu, kilometa 200 hadi 400 hivi, ni rafiki wa redio. Mawimbi ya masafa mafupi yakifika huko hupindishwa na kurudi ardhini, kama mpira uliogonga dari. Kwa njia hiyo sauti huvuka milima na bahari.

Wazee wanakumbuka Redio Tanzania Dar es Salaam. Ilitumia masafa ya kati na masafa mafupi kuwafikia wananchi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini. Walisikiliza redio, wakajadili, kisha wakachimba vyoo.

Tabaka la chini, kilometa 60 hadi 90, lina tabia nyingine. Lenyewe hula mawimbi. Huko hewa bado ni nzito kidogo. Wimbi la redio likipita, elektroni hutikisika na kugongana na chembe za hewa. Nguvu ya wimbi huishia njiani. Usiku jua halipo, na tabaka hili hutoweka. Ndiyo sababu usiku unapata vituo vya mbali ambavyo mchana huvipati.

Sasa sikiliza. Mara nyingine jua hulipuka. Miali ya mlipuko hufika kwetu kwa dakika 8 tu. Tabaka la chini hujaa elektroni kwa ghafla na kumeza mawimbi ya masafa mafupi. Upande wa dunia wenye mchana hupoteza redio. Upande wenye usiku hauna habari.

Tarehe 11 Novemba 2025 jua lililipuka kwa nguvu. Kwa saa zetu ilikuwa saa 7 mchana. Mawasiliano ya masafa mafupi yalivurugika Afrika na Ulaya. Tarehe 6 Septemba 2017 ulitokea mlipuko mkubwa zaidi. Siku zile kimbunga Irma kilikuwa kinapiga visiwa vya Karibi. Waokoaji wa huko walitegemea redio za masafa mafupi, nazo zikakatika kwa muda. Unaona, ndugu msomaji, jambo hili linaweza kugusa uhai wa watu.

Kuna pia dhoruba. Jua hutupa wingu la chembe zenye umeme. Wingu hilo huchukua siku 1 hadi 3 kufika duniani. Likifika, hupasha joto hewa ya juu na kuivuruga. Mahali pengine elektroni huongezeka, mahali pengine hupungua. Hali hiyo inaweza kudumu siku kadhaa.

Dhoruba haisumbui redio peke yake. Inasumbua pia vipimo vya setilaiti, kwa sababu mawimbi ya setilaiti hupita katika ayonosfia hiyo hiyo. Mwezi Mei 2024 ilitokea dhoruba kubwa kuliko zote kwa miaka 20. Huko Marekani, wakulima waliokuwa wakipanda mahindi kwa matrekta yanayoongozwa na setilaiti walilazimika kusimama. Matrekta yalishindwa kufuata mistari.

Sisi je? Leo mashamba na mipaka ya vijiji hupimwa kwa vyombo vya setilaiti. Kosa la hatua chache linaweza kuleta ugomvi kati ya ndugu na ndugu. Kwa hiyo mpimaji akija, mwombe arudie vipimo siku nyingine na kuvilinganisha. Wazee wanaojua mipaka wawepo. Kuomba hivyo si kumdharau mpimaji. Ni kulinda haki ya kila mtu.

Na redio ya masafa mafupi ikinyamaza mchana, usikimbilie dukani. Jaribu kwanza kituo cha mita 19 badala ya mita 49, kwa kuwa mita chache hupona mapema. Kama kimya, subiri saa moja. Ikiwa redio yako ni ya FM, usilisingizie jua. Mawimbi ya FM hayategemei ayonosfia. Hapo angalia betri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini vituo vya mbali husikika vizuri zaidi usiku?
2. Mlipuko wa jua na dhoruba vinatofautianaje?
3. Kijiji chetu kifanye nini ili vipimo vya mashamba viwe vya kuaminika?