Picha za Makaburini: Utovu wa Adabu au Daftari la Wazee Wetu?

Wako watu ambao starehe yao si mpira wala sinema, bali ni kuzunguka makaburini na kwenye makanisa ya kale wakiwa na kamera begani. Huku kwetu pwani tumewazoea. Utawakuta Gedi, Takwa na Jumba la Mtwana. Utawaona Malindi wakitoka kwenye makaburi ya mnara yaliyo ubavuni mwa Msikiti wa Juma, wakielekea kwenye kile kikanisa kidogo cha Wareno kilicho karibu na bahari. Zamani tulidhani ni mchezo wa Wazungu peke yao. Leo simu ya mkononi ina kamera, na vijana wetu wenyewe wameuingia.

Wazee wengi hawaridhiki na jambo hili. Kaburi, wanasema, si bustani ya kujiburudishia. Ni nyumba ya maiti, na maiti ana heshima yake. Neno hilo lina uzito. Mtume (S.A.W.) aliruhusu kuzuru makaburi baada ya kukataza, kwa kuwa ziara hiyo hukumbusha akhera. Alikataza pia mtu kukaa juu ya kaburi. Basi anayepanda juu ya kaburi ili picha yake ipendeze amekosa adabu, awe mgeni au mwenyeji. Na anayewapiga picha wafiwa wakiwa katika kuzika bila idhini yao, huyo ni zaidi ya mkosa adabu.

Hata hivyo, si haki kuupima mchezo huu kwa makosa hayo tu. Maulamaa wanapokhitilafiana juu ya picha, ugomvi wao mkubwa ni picha ya kiumbe chenye roho. Nguzo ya mawe na chokaa haina roho, lakini ina habari. Pale Gedi liko kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladi. Tarehe hiyo moja imewafaa sana wachunguzi wa historia ya mji ule, ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Takwa, katika kisiwa cha Manda, lipo kaburi la mnara lenye mwaka 1094 Hijria, na watu wa Shela wangali wakienda huko kuomba dua. Jumba la Mtwana kuna kaburi lililochongwa aya ikumbushayo kwamba hakuna nafsi itakayoepuka mauti.

Maandishi haya yamechongwa katika mawe ya matumbawe, na mawe hayo huliwa na mvua, chumvi ya bahari na mizizi ya miti. Mikono ya watu nayo haikulala. Katika makaburi mengi ya kale ya mwambao, mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwa mapambo yamebanduliwa, vikabaki vishimo vitupu.

Wapo watakaosema kwamba dini haipendi makaburi kujengewa, kwa hiyo na yabomoke. Lakini kukataza kujenga jipya ni jambo moja, na kufuta lililokwisha simama miaka 600 ni jambo jingine. Katika pwani hii, ambamo kesi za ardhi haziishi, kaburi la babu ni shahidi asiyehongeka. Likitoweka bila picha wala maandishi, nani atathibitisha kwamba watu fulani waliishi pale?

Tuwatazame jirani zetu Wamijikenda. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Haukupita muda mrefu vigango hivyo vikaibwa. Miaka mingi baadaye vilionekana Marekani, kimoja katika jumba la makumbusho la chuo kikuu cha Illinois State, cha pili katika lile la Hampton. Ile picha ndiyo iliyothibitisha vilikotoka. Kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimekwisha rudi kwa wenyewe, ingawa mzee mwenyewe alikwisha fariki. Pasingekuwa na picha, ingebaki kuwa hadithi ya kijijini tu.

Lakini picha ina makali pande zote mbili. Inayomfaa mwenye mali humfaa mwizi pia, maana humwonyesha kilipo na njia ya kukifikia. Ndiyo sababu kazi hii haifai kuachiwa wapita njia. Makanisa huwa na vitabu vya maziko, na kaburi la Rosina, mke wa mmishonari Krapf, aliyefariki mwaka 1844, linajulikana lilipo pale Nyali. Je, sisi tuna daftari gani la mashekhe na mabibi waliozikwa karne hiyo hiyo?

Kwa hiyo vijana wasifukuzwe makaburini, wafundishwe. Waingie kwa salamu ya watu wa makaburini, wasikanyage, wasisogeze jiwe. Wapige picha ya maandishi kwa karibu, kisha waandike mahali, siku, na jina la aliyelala hapo kama mzee wa mtaa angali analikumbuka. Nakala moja ikae msikitini na nyingine kwa watu wa Makumbusho ya Taifa, badala ya kutapakaa kwenye simu za watu wasiojulikana. Na waanze na wazee walio hai, maana mzee akiondoka, kaburi asilolitaja hubaki jiwe tu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Makaburi ya wazee wetu ni mali.