Kumcha Mungu Bure

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, yale ya mahema ya turubai na hata baadhi ya yale yenye historia ndefu, imeenea imani kwamba sadaka ni mbegu: muumini huipanda madhabahuni, naye Mungu, kwa kuwa ameahidi, hubanwa na ahadi yake kumrudishia mavuno yaliyozidi, yawe kazi, mchumba, kiwanja au ushindi wa kesi. Imani hiyo huhubiriwa kama kipimo cha uaminifu, kwa maana kwamba anayetoa kikubwa ndiye anayemtumaini Mungu zaidi. Lakini mahali ambapo kila tendo la ibada limekwisha kuwekewa bei yake, uaminifu hauwezi tena kujulikana, hata na mwaminifu mwenyewe anayejichunguza usiku kwa unyofu wote, kwa sababu hana namna ya kutenganisha anachompendea Mungu na anachokitarajia kutoka kwake.

Kitabu cha Ayubu kinaanza na shaka hiyo hiyo. Shetani, jina ambalo katika Kiebrania lina maana ya mpinzani au mshitaki, hakanushi kwamba Ayubu ni mcha Mungu. Anachokishambulia ni nia yake, yaani sababu ya ndani inayomsukuma, akiuliza kama mtu mwenye kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500 anaweza kusemwa kuwa anamcha Mungu bila malipo. Shtaka hilo ni zito kwa kuwa haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu ibada za mshtakiwa: hata dhabihu alizozitoa Ayubu alfajiri kwa ajili ya watoto wake zaweza kusomwa kama bima. Mhubiri anayelifundisha kusanyiko kutoa ili lipokee anakiri, kwa niaba ya Kanisa zima, kwamba Mshitaki alisema kweli, na kwamba hakuna amchaye Mungu bure wala hapana haja ya kuwapo mtu wa namna hiyo.

Fundisho lenyewe, kwa sura lililo nayo leo, ni la juzi. Lilipata umbo na umaarufu mkubwa kupitia Oral Roberts, mhubiri wa televisheni wa Oklahoma nchini Marekani, aliyelieneza kwa jina la imani ya mbegu katika karne ya 20. Walioligeuza kuwa desturi huku kwetu hupenda kuliegemeza kwenye sura ya tisa ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, ambako Mtume Paulo anasema kweli juu ya kupanda haba na kupanda kwa ukarimu. Ni vema sura hiyo ikasomwa yote. Paulo alikuwa akichangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, mji ambao wengi wa watoaji wa Korintho huenda hawakuwahi kuuona, na mavuno anayoyataja ni kwamba wahitaji watasaidika, shukrani nyingi zitamfikia Mungu, na watoaji watabaki na riziki ya kuwawezesha kuendelea kutenda mema. Hali kadhalika zaka ya Malaki iliingizwa ghalani ili kuwe na chakula katika nyumba ya Mungu, na Torati iliihesabu kuwa haki ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Tena aya chache kabla ya ahadi ya madirisha ya mbinguni, nabii huyo huyo anawatisha kwa hukumu wanaomdhulumu kibarua ujira wake, aya ambayo ni nadra kusikika wakati vikapu vinapopitishwa.

Mtetezi wa fundisho hilo anaweza kujibu kwamba Yesu mwenyewe aliahidi thawabu, na kwamba kumtaka mwanadamu ampende Mungu pasipo kutumaini chochote ni kumtaka awe malaika. Jibu hilo lina uzito. Mwaka 1699 Papa Innocent wa Kumi na Mbili alizilaani hoja 23 kutoka kitabu cha Askofu Mkuu Fénelon wa Ufaransa, aliyefundisha juu ya upendo safi, yaani upendo usiojali hata wokovu wa nafsi inayopenda, na Fénelon akaitii hukumu hiyo. Kutumaini mema kutoka kwa Mungu, basi, si dhambi. Kosa huanza pale tumaini linapogeuzwa kuwa mkataba, kwa sababu mtoto anayemtegemea baba yake hafanani hata kidogo na mdai anayemshikia baba yake hati ya deni. Vijana watatu wa Kitabu cha Danieli waliitumainia nguvu ya Mungu ya kuwaokoa na tanuri la moto, na papo hapo wakamwambia mfalme kwamba hata wasipookolewa hawataisujudia sanamu yake. Nao vijana Wakristo waliochomwa moto kwa ajili ya imani yao huko Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, hawakuokolewa na moto.

Ukatili mkubwa wa imani ya mbegu humwangukia yule ambaye hakuvuna. Huyo, baada ya kukopa ili apande, huambiwa kwamba imani yake ilipungua au kwamba ameficha dhambi, maneno ambayo ni ya Elifazi, rafiki wa Ayubu, yaliyobadilishiwa mavazi tu: katika sura ya 22 Elifazi anamwahidi Ayubu kwamba akimrudia Mungu mali itamjia, baada ya kumbunia dhambi za kuwavua maskini nguo na kuwanyima wenye njaa chakula. Wahubiri hupenda kuinukuu ahadi hiyo pasipo kutaja aliyeitamka. Mungu aliikasirikia hotuba ya Elifazi na wenzake, akawaamuru wapeleke fahali saba na kondoo waume saba kwa Ayubu ili awaombee, naye akawaombea watu waliomsingizia, akiwa bado fukara, mgonjwa na mfiwa, kabla ya ng'ombe hata mmoja kurudi zizini.