Harusi bila bwana harusi haivuki bahari

Nimeshika kalamu baada ya vijana watatu kunipigia simu ndani ya wiki moja, wote kutoka ughaibuni, wote na ombi lile lile: "Baba mdogo, nataka kuoa hapo nyumbani lakini likizo sipati. Unaweza kusimama badala yangu?" Zamani ningejibu ndiyo kabla hawajamaliza kusema. Siku hizi najibu hapana. Naona niseme sababu hadharani, maana najua ombi hili linatolewa pia Koboko, Yumbe, Ariwara na Yei, na wasomaji wengi wa ukurasa huu wana kijana au binti upande mmoja wa simu hiyo.

Naishi Onduparaka, pembeni mwa Arua. Wageni wanapajua kwa sababu ya timu ya mpira iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016. Mimi nauza spea za pikipiki, na wateja wangu nusu ni wa Kongo na Sudan Kusini. Kwetu hasa ni Koboko. Mwaka 1980 nilikuwa mtoto wa kubebeshwa sufuria tulipokimbilia Sudan, kama familia nyingi za West Nile baada ya kuanguka kwa Amin. Baadaye njia ilinifikisha Kanada, nikakaa Winnipeg miaka kumi na minane, nikapata uraia. Mwaka 2009 nilirudi.

Sasa nieleze lililonifanya nibadili jibu. Mtoto wa marehemu kaka yangu anafanya kazi Calgary. Anampenda binti wa Yei waliyejuana tangu shule. Familia ya binti huyo ilivuka mpaka mwaka 2016 vita vilipofika kwao. Desemba 2022 tulipeleka mahari. Ng'ombe na mbuzi walihesabiwa, wazee wakabishana kuhusu fahali mmoja mwembamba kama ilivyo desturi, kisha wakakubaliana. Kwenye kiti cha bwana harusi nilikaa mimi. Juu ya kigoda mbele yangu tuliweka simu, sauti ikiwa juu, naye akawasalimu wakwe zake kwa heshima zote. Mtandao ulikatika mzee wa upande wa pili alipoanza kutoa baraka, tukamalizia bila yeye. Watu walicheka, tukala, tukapiga picha. Hakuna aliyehisi kuna kasoro.

Mwaka uliofuata akaomba kumdhamini mkewe aende Kanada. Alijaza fomu kwa uaminifu: ndoa ya kimila, tarehe fulani, mahali Arua. Palipouliza kama wote wawili walikuwepo siku ya ndoa, alijibu kwamba yeye alikuwa kwenye simu. Ombi likakataliwa. Tangu tarehe 11 Juni 2015, sheria ya Kanada ya kudhamini familia haihesabu ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo mwenyewe kimwili, iwe alisimamiwa na ndugu, iwe alikuwa kwenye simu au intaneti. Msamaha uliwekwa kwa wanajeshi wao waliozuiwa na kazi ya jeshi. Serikali yao ilisema inataka kuwakinga watu wanaoozwa kwa nguvu bila kuonekana wala kusikika. Nia si mbaya. Lakini kwetu sheria hiyo imemkuta binti aliyekubali kwa mdomo wake, mbele ya shangazi zake, na ikamwambia si mke wa mtu.

Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Mahari imeliwa, binti amehamia nyumbani kwetu, anampikia mama mkwe wake, mtaa mzima unamwita mke wa fulani. Huku ni mke, kule ni mwanamke asiye na uhusiano wowote na mwenye kujaza fomu. Na aliyekaa kwenye kile kiti ni mimi, niliyeishi nchi ile miaka kumi na minane na nilipaswa kuuliza kwanza.

Mtu mmoja wa kushughulikia makaratasi mjini, simtaji, alitupa dawa yake: tuandike barua mpya ya wazee inayosema kijana alikuwepo, tutafute picha za likizo yake ya zamani, tubadilishe tarehe. Nakiri kwamba usiku mmoja nililifikiria. Asubuhi nikakumbuka kwamba pasipoti ina mihuri, na mihuri haina ukoo na mtu. Anayekamatwa akitoa maelezo ya uongo kwa uhamiaji wa Kanada hufungiwa miaka mitano. Wala kosa halibaki kwenye ombi hilo peke yake. Linamfuata mtu kila anapogonga mlango mwingine.

Tuliamua kufanya upya. Wazee walishangaa: ng'ombe wameshazaa, harusi inarudiwaje? Baba wa binti ndiye aliyefungua fundo. Alisema hataki mbuzi wa pili, anataka kumwona mkwe wake kwa macho na kumkabidhi mtoto mkononi, jambo ambalo simu haikuweza kulifanya. Kijana alikuja wiki tatu mwaka 2025, akasimama mwenyewe, nami nikakaa na wageni wengine. Kisha wakaenda kwa msajili na mashahidi wawili, wakapata cheti. Katika ombi jipya wameeleza sherehe zote mbili na tarehe zote mbili, bila kuficha ile ya kwanza.

Aliporudi Calgary shangazi zake walilalamika: kwa nini asikae hapa na mke wake mpaka karatasi zitoke? Jibu ni kwamba yeye bado ni mkazi wa kudumu, si raia. Mkazi wa kudumu wa Kanada hawezi kumdhamini mwenzi wake akiwa anaishi nje ya nchi hiyo. Raia anaweza, lakini lazima aonyeshe kwamba mwenzi akipata ukazi watahamia Kanada kweli: kazi, nyumba, shule ya watoto, kitu cha kushika. Tofauti hii imewaangusha wengi wanaorudi kufanya biashara Arua au Juba wakidhani kadi ya ukazi ni sawa na pasipoti.

Mimi mwenyewe niliangukia hapo hapo, kwa namna nyingine. Mke wangu ni Mkakwa wa upande wa Kongo, tulioana 2011. Nilipotaka kumwombea karatasi za Kanada nikiwa hapa Onduparaka, niliulizwa nitarudi lini. Sikuwa na jibu. Duka ni hapa, mama yangu alikuwa hapa. Rafiki alinishauri nitumie anwani ya ndugu wa Winnipeg na kusema nimeshapanga chumba. Niliiweka fomu kabatini. Mpaka leo sijajuta, ingawa mke wangu ana siku zake za kunikumbusha.

Wenzetu wa Marekani wana mzigo wao. Raia wa Marekani anayeishi nje anaweza kumwombea mke au mume, lakini kabla ya viza anatakiwa kuthibitisha makazi yake yapo Marekani, au kwamba anarudi kuishi huko, na kutia saini hati ya kumtunza, akiwa kwa kawaida na kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha nchi hiyo. Uingereza nako kipo kizingiti cha kipato: mwaka 2012 kiliwekwa pauni 18,600 kwa mwaka, na Aprili 2024 kikapandishwa hadi pauni 29,000. Pia sheria za wakubwa hugeuka usiku mmoja. Aprili 2025 Marekani ilitangaza kufuta viza za wote wenye pasipoti za Sudan Kusini kwa sababu ya ugomvi wa serikali na serikali. Mtu aliyekuwa amefunga sanduku Juba alilifungua tena.

Kuna jambo ambalo warejeaji wenzangu hatupendi kulisema. Wengi wetu tulipohojiwa makambini tuliandika "sina mke". Wengine waliogopa kucheleweshwa, wengine waliambiwa na wajanja kwamba mseja huondoka haraka. Mke alibaki Koboko au Yei akiambiwa avumilie. Kwa sheria ya Kanada, mtu wa familia ambaye hukumtaja ulipohamia, naye hakuchunguzwa, kwa kawaida huwezi kumdhamini baadaye. Mwaka 2019 walianzisha utaratibu maalumu wa kuwaonea huruma baadhi ya watu wa namna hiyo, lakini huruma si haki ya kudai. Aliyewataja wake zake kwa ukweli alipewa mlango: mkimbizi aliyepokelewa Kanada ana mwaka mmoja wa kuwaombea aliowaacha, na Marekani ni miaka miwili. Namjua mama mmoja aliyengoja mpaka mwanawe akaota ndevu. Mumewe si mtu mbaya. Aliandika neno moja ovyo kwenye fomu, akiwa na njaa.

Baada ya kusema hayo ya mbali, nirudi mpakani, kwa sababu kidonda kikubwa kiko hapa. Tunahangaikia karatasi za Calgary wakati wake zetu waliotoka Ariwara, Aru, Morobo na Kaya wanaishi Uganda miaka ishirini bila karatasi yoyote isipokuwa barua ya mwenyekiti wa LC1. Hawana kitambulisho cha taifa. Laini ya simu imeandikwa jina la mume, shamba ni jina la mume. Mume akifa, shemeji huwa ndiye afisa uhamiaji.

Najua jibu la wazee: sisi ni watu wamoja, mpaka uliletwa na wazungu. Ni kweli tupu. Nchi yetu ilikuwa ndani ya Lado, aliyokodishiwa Leopold wa Ubelgiji mwaka 1894. Alipokufa mwaka 1909 ikaenda Sudan, na mwaka 1914 West Nile ikahamishiwa Uganda. Babu aliyekaa kwenye kibanda kimoja alibadilishiwa serikali mara tatu bila kununua tiketi. Lakini ukweli huo haujawahi kumtoa mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Katiba ya Uganda ya 1995 inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa aliyezaliwa Uganda na ambaye mzazi au babu yake ni wa jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya tarehe 1 Februari 1926. Wakakwa na Walugbara wamo katika orodha. Mwanamke aliyezaliwa Ariwara, hata kama lugha ni moja na ukoo ni mmoja, hakuzaliwa Uganda.

Njia yake ni ndoa. Katiba hiyo inamruhusu mtu yeyote, mke au mume, aliyeoana na raia kuomba kusajiliwa uraia. Ilitaja ndoa halali iliyodumu miaka mitatu, au muda mwingine utakaowekwa na Bunge. Neno "halali" ndilo linalotukwamisha, kwa kuwa hatusajili. Na sheria ya kusajili ndoa za kimila ipo tangu mwaka 1973. Iliwekwa kwa amri wakati wa Amin, mtu wa kwetu, na sisi wa kwetu ndio hatuitumii. Inataka wanandoa waende kwa msajili na mashahidi wasiopungua wawili ndani ya miezi sita baada ya sherehe. Inatosha mmoja wa wanandoa awe wa jamii ambayo mila yake imefuatwa, kwa hiyo mke wa Kongo hazuiwi. Mimi nilichelewa kwa miaka, nikapokelewa. Waislamu nao wana sheria yao ya kusajili nikahi, na karatasi ya imamu peke yake si cheti cha serikali.

Serikali nayo isikae pembeni. Mama muuza mihogo hawezi kufunga kibanda na kuzunguka ofisi siku nne. Msajili angeweza kuja siku za soko na meza yake, Vurra, Oraba, Lia, kama wanavyokuja watu wa chanjo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Sudan Kusini iliingia 2016. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya kufuatana na mwenzi na watoto wake. Maneno hayo yako Arusha. Bado hayajafika kwenye dawati la afisa wa zamu wa Oraba saa kumi na moja jioni.

Vijana watatu nimewajibu. Mmoja amekasirika, amesema nimezeeka. Wa pili ameuliza nauli ya ndege ni kiasi gani Desemba. Wa tatu amenyamaza, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama mwaka ule walipohojiwa Kakuma alipaswa kumtaja msichana waliyekuwa wakikaa naye. Nimemwambia asiulize mtu wa Arua, atafute mwanasheria huko aliko, tena aende na ukweli wote.

Binti wa Yei bado yupo nyumbani kwetu. Cheti chake kimefungwa kwenye nailoni, ndani ya sanduku, pamoja na kadi yake ya ukimbizi na picha ya siku ile ya simu juu ya kigoda.