Mbwa Akitapika, Usikimbilie OTC Wala Kumshtaki Jirani

Ndugu mfugaji, kila baada ya sikukuu simu ni zilezile: "Afisa, mbwa wangu kalishwa sumu." Nikiuliza jana alikula nini, naambiwa "kawaida tu". Nikidadisi ndipo nasikia: mafuta ya mbuzi yaliyobaki sufuriani, ngozi ya kitimoto, sinia zima la makombo. Hiyo siyo kawaida.

Sumu ipo, sikatai. Lakini kuna ugonjwa ambao hatuutaji kabisa: kuvimba kwa ghafla kwa kongosho. Kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula. Vikianza kazi kabla ya kufika kwenye utumbo, vinalila kongosho lenyewe. Mlo wa mafuta mengi ni kichochezi kimojawapo, ingawa mara nyingi chanzo hakijulikani.

Mbwa hutapika tena na tena, hukataa chakula, hunyong'onyea, na tumbo humuuma ukiligusa. Wengine hulaza kifua chini huku wameinua makalio. Ukiona fizi zimepauka, ngozi ya shingo ukiivuta inachelewa kurudi, anahema kwa shida au hawezi kusimama, hali ni mbaya, usisubiri kesho.

Sasa ugomvi wangu. Kutapika na kunyong'onyea huko utakuona pia kwa parvo, kwa ugonjwa wa kupe, kwa mbwa aliyekwamwa na mfupa, na kwa aliyekula sumu kweli. Ninyi wenye maduka ya pembejeo mnatofautishaje kutoka nyuma ya kaunta? Mnatoa OTC kama mnavyopima chumvi, wakati kongosho la mbwa kwa kawaida halivimbi kwa sababu ya bakteria. Diklofenaki ya binadamu ni mbaya zaidi: inaweza kumtia vidonda vya tumbo na kuharibu figo, hasa akiwa ameishiwa maji. Na wewe unayemnywesha mafuta ya kula "kukata sumu", unaongeza mafuta juu ya mafuta, na yakipotea njia yanaingia mapafuni.

Hata daktari wa mifugo hana kipimo kimoja cha kumaliza shauri. Lipasi ya kongosho ikiwa juu kwenye damu, bado haitoshi peke yake. Anaangalia pia sukari, figo na ultrasaundi, kisha anaoanisha na maelezo yako. Maelezo hayo hayahitaji umeme wala maabara, kwa hiyo usiyafiche kwa aibu: alikula nini na lini, katapika mara ngapi, chanjo zake, na dawa gani umeshampa.

(Kama hajachanjwa kichaa cha mbwa na amebadilika tabia au anatoka mate, usimguse mdomo. Mfungie, upige simu.)

Tiba kubwa ni dripu, dawa ya maumivu inayofaa mbwa na ya kuzuia kutapika. Kumshindisha njaa siku tatu ni ushauri wa zamani. Kutapika kukitulia, aanze kidogo kidogo na wali na kuku asiye na ngozi. Kwa mtendaji wa kijiji utakwenda daktari akishasema ni sumu.